Mwiko wa Kuku Mweupe

Siku ya kumi na nane tangu Josefin afumbe macho alikuwa bado hajazikwa, na mumewe alikuwa bado hajaandika sentensi ya kwanza. Katika mji huu wafu nao hungoja zamu. Barua huja, tarehe hutolewa, na mfiwa huambiwa kwa sauti ya upole kwamba wiki nne si nyingi. Ephraim alikuwa ameketi jikoni kwake Sundbyberg, kando ya Stockholm, karatasi mbele yake, akitazama theluji ya mwisho ya Machi ikidondoka tone kwa tone kutoka kwenye paa la banda la baiskeli. Kahawa aliyojimiminia asubuhi ilikuwa imefanya utando.

Karatasi ile ililetwa na Januari, katibu wa chama cha Watanzania, mtu wa Songea mwenye mwili mkubwa na hatua za paka. Kwa miaka kumi na mitano yeye ndiye aliyewaandikia wasifu marehemu wao wote, na kwa kuwa kifo hakina ubunifu mwingi, alikuwa na mfano mmoja aliouchapa upya kila msiba, akiacha nafasi za kujazwa. Marehemu alizaliwa tarehe fulani. Katika kijiji fulani. Akiwa mtoto wa ngapi wa Bwana na Bibi nani. Wa ukoo gani. Wasifu husomwa mbele ya jeneza, watu wameinamisha vichwa, na kwa watu wao asiyesomewa ni kama mzigo uliofika stesheni bila jina la mwenyewe.

"Jaza tu, kaka," Januari alikuwa amemwambia. "Hata kwa penseli. Mimi nitanyoosha lugha."

"Mstari wa kwanza wenyewe sina cha kujaza."

"Weka wale Waswidi waliomlea, Mungu awarehemu. Si wazazi hao?"

"Wapo hapo chini, penye 'alilelewa na'. Huu unauliza alizaliwa na nani."

Januari akajikuna kidevu. "Basi tuandike kama mnavyosema kwenu. Ule ukoo wa kifalme. Dada yako Concessa amekwishanipigia mara mbili kunikumbusha."

Ephraim aliinuka akaenda kufungua bomba la maji ambalo halikuwa na haja ya kufunguliwa.

Josefin alikuwa Mswidi kwa malezi na Mkorea kwa uso. Aliokotwa Novemba mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne, penye lango la soko katika mji wa Daegu, ndani ya boksi la matufaha. Polisi walikadiria kwamba ana miezi mitano. Karani wa kituo cha yatima akampa jina la Kim Mi-ok, kama vile mtu anavyobandika karatasi kwenye chupa, na kabla mwaka haujageuka mtoto akapandishwa ndege kuja kwa Bwana na Bibi Lindqvist, watu wema waliomnunulia kigari cha kuteleza kwenye theluji na kumwita Josefin. Hayo ndiyo yote aliyoyajua. Alipokwenda kuyatafuta mengine, akiwa na miaka ishirini na saba, alikuta soko limekuwa maegesho ya magari.

Lakini alirudi na hadithi moja. Katika zama za kale, mfalme wa Silla, dola ya kale ya Wakorea, alisikia jogoo akiwika kutoka msituni, na ilikuwa kabla ya mapambazuko. Akatuma mtu. Mtu akakuta kasha la dhahabu linaning'inia kwenye tawi, na chini yake jogoo mweupe, anawika kana kwamba ameajiriwa. Mfalme alipolifungua kasha, mtoto wa kiume akainuka ndani yake. Akampa jina la Alji, yaani mtoto mdogo, na kwa ajili ya dhahabu ile akampa jina la ukoo: Kim. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyelitundika kasha. Wajukuu wa mtoto yule wakaja kuwa wafalme, na hata leo watu wengi mno hujihesabu kuwa wa uzao wake.

"Naye aliokotwa kwenye boksi," Josefin alimwambia Ephraim siku za uchumba wao, wakiwa kwenye treni. "Tofauti ni kwamba lake lilikuwa la dhahabu. Langu lilinuka matufaha." Akacheka kwa ile namna yake ya kucheka huku macho yakibaki nyuma.

Ephraim aliihifadhi hadithi ile. Na siku aliyompeleka Josefin kwao Kamachumu kumtambulisha, akaitoa.

Ilikuwa hivi. Kwao Uhaya mchumba haulizwi kwanza kazi wala elimu. Huulizwa ukoo na mwiko wa ukoo huo, kwa kuwa kila ukoo una kitu usichokula: wengine samaki fulani, wengine mnyama fulani, na watu wenye mwiko mmoja hawaoani. Baba mkubwa Ta Rwegoshora, mkuu wa ukoo wao, alimtazama mgeni kwa heshima, kisha akamgeukia kijana wake. "Tumempenda. Sasa tuambie, ni wa ukoo gani, na mwiko wao ni nini?"

Sebule ilikuwa imejaa. Mama yake alikuwa amevaa gauni la Krismasi. Josefin, asiyejua hata neno moja la lugha yao wakati ule, alikuwa akitabasamu huku na huku kama mtu aliyesimama kwenye jua. Na Ephraim, aliyeweza kusema kweli kwa sentensi fupi, aliona sentensi ile ikija na akaikwepa.

"Ni wa ukoo wa kifalme," alisema. "Wa Kim. Babu yao alitoka ndani ya kasha la dhahabu. Jogoo mweupe ndiye aliyewaita watu." Kisha, kwa kuwa swali la pili lilikuwa bado linangoja na wazee walikuwa wamesogea mbele ya viti, akamalizia: "Kwa hiyo hawali kuku."

Sebule nzima ilipumua. Ta Rwegoshora akapiga makofi mawili ya taratibu. Kule nyuma mtu akatumwa mbio jikoni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Ephraim ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na miwili.

Kwa siku tatu Josefin aliona sahani za kuku zikipita mbele yake kwenda kwa wengine, yeye akiletewa ndizi na maharage yaliyoungwa kwa upendo wote wa mkwe. Siku ya nne aliuliza. Ephraim akamweleza, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha wageni, akiyatazama magoti yake, akitarajia hasira.

"Mama yako amenipikia chakula cha peke yangu siku tatu," Josefin alisema. "Kwa ajili ya watu wangu."

"Nitamwambia. Ni uongo wa kijinga tu, kesho utakula."

"Hapana. Usimwambie."

Na hakula. Hakula Kamachumu, hakula Stockholm, hakula kazini wala harusini. Wenzake walidhani ni mambo ya afya. Mwanzoni Ephraim aliona ni mzaha baina yao wawili. Yeye mwenyewe, ambaye mwiko haukumhusu, alikuwa akila kuku Jumamosi kwenye migahawa ya Rinkeby pamoja na rafiki zake, kisha ananawa mikono mara mbili kabla ya kurudi. Josefin alikuwa akimnusa shingoni na kusema, "Umetoka Rinkeby," nao wakacheka. Lakini miaka ilivyokwenda aliacha kuuona mzaha. Kilichobaki ni mwanamke aliyekuwa akisoma kwa makini maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti za supu.

Mwezi mmoja kabla ya kufa, katika hospitali ya Flemingsberg, aliomba kitanda kiinuliwe.

"Ephraim. Siku ya kunizika usinizulie watu."

"Sikuelewi."

"Unanielewa. Wale wa dhahabu warudishe kwa wenyewe. Nataka niende na wangu, hata kama hakuna."

Alimwahidi. Ahadi kwa mgonjwa hutolewa upesi, kama maji. Ni baadaye ndipo mtu huhisi uzito wa ndoo.

Dada yake alipiga simu Jumapili baada ya ibada. Ma Concessa alikuwa na miaka sitini na minne, na tangu mama yao afariki yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Ubalozi ulikuwa umemnyima viza, na uchungu wa jambo hilo ulikuwa umekaa kwenye sauti yake.

"Mdogo wangu, Januari ananiambia mstari wa ukoo uko mtupu."

"Josefin ndiye aliyeomba, Ma."

"Wagonjwa huomba mengi. Mimi nakumbuka mama. Alikufa akijua mkwewe ni wa kasha la dhahabu. Alisimulia kanisani, alisimulia sokoni, alinyamazisha wanawake wenye wakwe madaktari! Leo usimame uwaambie watu mama yetu alikuwa anatangaza uongo?"

"Uongo ulikuwa wangu."

"Uongo ukishazeeka mikononi mwa wakubwa, si tena wa kijana aliyeuleta." Kisha sauti yake ikashuka. "Na yeye maskini, utamsomea nini? Kwamba aliokotwa? Neno la mwisho mtu kulisikia duniani ndilo hilo? Mimi nilimpenda yule mwanamke, Ephraim. Nilimfundisha kumenya ndizi. Usimvue nguo mbele ya watu."

Baada ya simu alibaki ameshika kifaa kile kilichokuwa kimepata joto la sikio lake. Dada yake hakuwa na ubaya. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Lakini neno lake la mwisho lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu lilimrudisha kwenye sebule ile, na safari hii alijiona mwenyewe. Aliona kwamba siku ile Josefin hakuwa uchi hata kidogo. Alikuwa amesimama kama alivyo, anatabasamu. Aliyeona aibu alikuwa ni yeye, na lile vazi la dhahabu alilomrushia lilikuwa la kufunika macho yake mwenyewe.

Kemilembe, binti yao wa pekee, alirudi jioni kutoka chuoni. Alikuwa na miaka ishirini, uso wa mama yake na kimo cha baba yake. Ephraim alimsemesha kwa Kiswahili naye akamjibu kwa Kiswidi, kama walivyozoea tangu aanze shule. Kila mmoja alikuwa akisimama kwenye kizingiti chake, na mlango ukabaki wazi. Alikuja na faili la mama yake, akitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza.

"Hii umewahi kuisoma?" aliuliza.

Ilikuwa ni tafsiri ya karatasi ya kaya iliyoandikwa na kituo cha yatima ili mtoto apate hati ya kusafiria. Josefin aliichukia. Ephraim alikuwa ameiona mara moja tu, akaikunja haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Sasa aliisoma. *Jina: Kim Mi-ok. Baba: hakuna. Mama: hakuna. Nafasi katika kaya: mkuu wa kaya. Idadi ya wanakaya: mmoja.*

"Miezi mitano," Kemi alisema, "na tayari ni mkuu wa kaya." Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani. Ephraim akamvuta, akamshika kichwa kama alipokuwa mdogo.

Alipotulia, Kemi aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Na hapa wamekosea. Mmoja. Hakuna aliyerudi kuniongeza."

Theluji ilikuwa ikidondoka nje. Ephraim akaona ni afadhali aungame. "Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Ile habari ya kasha la dhahabu, na ya kuku..."

"Najua. Mama aliniambia nilipokuwa na miaka tisa. Shuleni walituambia tuchore mti wa familia. Upande wako majina yalinijaa, nikaomba karatasi ya pili. Upande wake..." Akainua mabega. "Akaniambia hiyo habari ni wewe uliyeizua."

"Alisema kwa hasira?"

Kemi alifikiri. "Hasira ilikuwepo, ya dhahabu. Ya kuku, hapana."

Usemi huo ukamkumbusha kilichobaki cha siku ile hospitalini, ambacho huzuni ilikuwa imekifukia. Baada ya kuahidi, alikuwa amejaribu kumchekesha. "Na kuku je? Naye nimrudishe?" Josefin alikuwa amefumba macho. Kwenye meza ya magurudumu kulikuwa na bakuli la supu ambalo alikuwa amelisukuma kando baada ya kuinusa tu. "Kuku niachie," alisema. "Huyo ni wangu."

Kemi alipoondoka mezani, Ephraim akaisoma ripoti ya polisi iliyokuwa chini kabisa ya faili, kisha akashika kalamu.

Mazishi yalikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi, katika kanisa dogo la makaburini. Watu wa kazini kwa Josefin walikaa kushoto, wamevaa nyeusi, kimya kama vitabu rafuni. Watanzania na Wakenya walikaa kulia, wakivutana mikono, wakipeana leso. Jeneza lilikuwa jeupe. Mchungaji, mwanamke kijana, alinyunyiza udongo juu yake mara tatu kwa kijiko kidogo, kama ilivyo desturi ya Waswidi, na Nasma wa Tanga, jirani yao wa miaka yote, akanong'ona kwa uchungu kwamba hata chumvi hutiwa kwa mkono mpana kuliko huo. Januari alikuwa ameinua simu juu kwa mkono ulionyooka. Ndani ya kioo, Ma Concessa na watu kumi hivi wa Kamachumu walikuwa wameketi kwenye sebule ileile.

Ephraim alisoma kwanza kwa Kiswahili, ili asipate nafasi ya kujificha.

"Josefin hajulikani alizaliwa siku gani. Aliokotwa mwezi wa Novemba penye lango la soko, mjini Daegu, ndani ya boksi la matufaha. Baba yake hajulikani. Mama yake hajulikani. Yule aliyemweka pale alimfunga kitambaa cha sufu shingoni, kwa sababu kulikuwa na baridi. Polisi waliandika habari ya kitambaa hicho, nasi tunawashukuru."

Akasikia upande wa kulia ukitikisika. Hakuinua uso.

"Ukoo," alisoma, akasimama. Kwenye karatasi kulikuwa na nafasi nyeupe, urefu wa kidole. "Miaka ishirini na miwili iliyopita niliwaambia wazee wetu kwamba mke wangu ni wa ukoo wa kifalme. Nilizua mimi. Yeye hakunituma, na mama yangu, aliyewasimulia watu, aliamini neno la mwanawe. Lawama isipite kwangu kwenda kwa yeyote." Akashuka kwenye mstari unaofuata. "Alilelewa na Bwana na Bibi Lindqvist, waliompenda. Ameacha mume. Ameacha mtoto mmoja, Kemilembe."

Mfano wa Januari uliishia hapo. Ephraim alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mkono.

"Mwiko wake ni kuku. Aliushika mpaka siku ya mwisho."

Akakunja karatasi. Upande wa kushoto walingoja tafsiri. Upande wa kulia mtu alijipangusa pua kwa kishindo.

Kaburini upepo ulikuwa mkali, na udongo wa juu ulikuwa bado na barafu. Ulipogonga mbao ulitoa sauti ya vitu vigumu. Kemi alitupa tufaha moja. Hakumweleza mtu.

Kisha wakaingia kwenye ukumbi wa usharika. Waswidi walikuwa wameleta kahawa na keki ya mkate yenye samaki na mayai, naye Nasma alikuwa ameleta masufuria mawili ya pilau ya kuku, kwa kuwa hakuweza kuvumilia wazo la waombolezaji kurudi nyumbani na matumbo ya kahawa. Alijaza sahani hadi zikaota vilima.

"Shemeji, hii yako. Usiniambie huna hamu, hamu hailiwi. Na wewe mwanangu, njoo, umebaki mifupa."

Kemi aliitazama sahani. Ephraim naye akamtazama binti yake, na ghafla akatambua kwamba katika miaka ishirini hakuwahi kumwuliza. Nyumbani kuku hakupikwa. Nje, pamoja na wenzake, alidhani anakula tu, kama yeye alivyokuwa akila Rinkeby.

"Ahsante, mama Nasma," Kemi alisema kwa Kiswahili, taratibu, akiyachagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Sisi hatuli kuku."

"Sisi nani?" Nasma aliweka mkono kiunoni. "Baba yako nimemwona Rinkeby kwa macho yangu haya, anafyonza mpaka mfupa!"

"Sisi wa kwa mama."

Mwiko wa kupakulia ulibaki umening'inia juu ya sufuria. Simu ilikuwa bado hewani, imeegemezwa kwenye chupa ya maziwa, na kutoka ndani yake sauti ya Ma Concessa ikauliza, "Amesemaje huyo mtoto?"

Januari akainama akarudia. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu hata akagonga kioo kwa ukucha, akidhani mtandao umekatika. Lakini picha ilikuwa inatembea. Nyuma ya Ma Concessa mtu alikuwa akifunga dirisha, na yeye mwenyewe alikuwa amegeuza uso pembeni, akirekebisha kitambaa chake cha kichwani kwa mikono miwili.

"Mwulize," alisema mwishowe, "akija Desemba tumpikie nini. Ndizi na maharage, kama mama yake? Au anataka samaki?"

Ephraim alitazama sahani yake. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye paja la kuku lililolala juu ya wali, limeiva vizuri. Alilifunika kwa kitambaa cha karatasi, akaiweka sahani chini, akaenda kunawa mikono, ingawa alikuwa bado hajagusa kitu.